Je, wajua kwa nini juzuu ya kwanza hufutika kichwani kabla hujafika ya nne?

Mwezi uliopita niliutoa wote kwa mifululizo ya riwaya niliyokuwa nimeiacha njiani. Mmoja nilikuwa nimeukomea juzuu ya pili, mwingine ya tatu, na kati ya kuacha na kurudi ilikuwa imepita miaka. Kilichonipata humpata karibu kila msomaji wa mifululizo. Unafungua juzuu mpya, mhusika anaingia mlangoni, wenzake wanashtuka kumwona, nawe hujui wameshtukia nini. Unakumbuka kwamba hukumpenda. Alifanya nini hasa, hujui. Kisha, kurasa thelathini mbele, bila kugusa juzuu za nyuma, mambo yanaanza kurejea yenyewe: huyu ndiye aliyeficha barua, huyu ndiye aliyemtelekeza nduguye. Yalikuwa wapi muda wote huo? Na kama yalikuwepo, kwa nini hayakuja ulipoyaita?

Tuanze na kusahau kwenyewe. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio ambayo mjaribu na mjaribiwa walikuwa mtu mmoja, yaani yeye mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana yoyote, akazipanga katika orodha, akazikariri mpaka akaweza kuzitaja bila kukosea, kisha akaziacha. Baadaye alizikariri upya na kupima ni kazi kiasi gani ameokoa kuliko mara ya kwanza. Baada ya dakika 20 aliokoa asilimia 58. Baada ya saa moja, 44. Baada ya siku moja, 34. Baada ya siku 31, asilimia 21.

Takwimu hizi hutajwa mara nyingi kuonyesha jinsi tulivyo wepesi wa kusahau, na kweli mteremko wa saa za mwanzo ni mkali. Mimi navutiwa zaidi na ile 21. Mwezi mzima umepita, vitu vyenyewe ni silabi tupu, pengine hakuna hata moja ambayo angeweza kuitaja akiulizwa ghafla, na bado sehemu ya tano ya kazi ilikuwa imekwisha kufanyika. Kilichoonekana kupotea kilikuwa kimeacha alama. Ebbinghaus alijaribu pia beti za shairi la Byron liitwalo Don Juan, akaona kuwa kukariri maneno yenye maana kulimgharimu takriban sehemu ya kumi tu ya jitihada alizotumia kwa silabi tupu. Miaka 22 baadaye alizirudia beti zilezile na bado zikamwingia haraka kidogo kuliko beti ambazo hakuwahi kuzikariri. Riwaya, yenye watu, visa na sababu zilizofungamana, ina bahati kubwa zaidi ya kuacha alama za namna hiyo.

Lakini alama za nini? Si za maneno. Mwaka 1967 mtafiti Jacqueline Sachs aliwasomea watu kifungu cha maelezo, akakikatiza, kisha akawapa sentensi moja waseme kama ndiyo waliyoisikia au imebadilishwa. Sentensi ya asili ikishafuatiwa na silabi 80 tu za maelezo mengine, yaani chini ya nusu dakika, wasikilizaji walishindwa kutambua kwamba mpangilio wa maneno umegeuzwa. Maana ilipogeuzwa, waligundua. Kwa hiyo sentensi ile nzuri uliyoisoma mara mbili kwa raha jana usiku, leo umebaki na ilichokisema. Namna ilivyosemwa imekwenda zake.

Badala ya maneno tunajenga picha ya hali: nani yuko wapi, anataka nini, nani ana deni kwa nani. Picha hiyo hurekebishwa kila ukurasa. Mhusika akihama mji, mji wa zamani unarudi nyuma. Maadui wakipatana, uadui unafifia. Nadhani hapa ndipo msomaji wa mfululizo anapoumia kuliko msomaji wa kitabu kimoja, maana mfululizo mrefu hurekebisha picha hiyo mara nyingi sana. Unapoimaliza juzuu ya tatu unabaki na hali ya mwisho: fulani amekufa, fulani ametawazwa. Hatua zilizowafikisha hapo ndizo zinazofutika, na hatua hizo ndizo mwandishi atakazozidai katika juzuu ya nne.

Hisia nazo hukaa kwa njia yake. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha vipande vya filamu za huzuni wagonjwa ambao hipokampasi zao, sehemu ya ubongo inayohusika na kuhifadhi matukio mapya, zilikuwa zimeharibika. Muda mfupi baadaye wagonjwa hao hawakukumbuka sana walichokiona, lakini huzuni ilikuwa bado imewakaa. Msomaji mwenye afya hana hali yao, lakini jambo lenyewe linaonyesha kwamba kumbukumbu ya tukio na hisia iliyoletwa na tukio hilo vinaweza kuachana. Ndiyo maana unaweza kumchukia mhusika kwa yakini kabisa huku umesahau kosa lake.

Kuna tatizo jingine ambalo wasomaji hawalishuku. Kinachobaki si lazima kiwe sahihi. Mwaka 1932 Frederic Bartlett wa Cambridge alieleza jinsi alivyowapa Waingereza hadithi ya wenyeji wa Amerika Kaskazini yenye mizimu na vita, akawaomba waisimulie tena na tena. Kila usimulizi uliisogeza hadithi karibu na mambo waliyoyazoea wasimulizi. Mitumbwi ikawa mashua, kuwinda sili kukawa kuvua samaki, na yaliyokuwa ya ajabu yakapewa sababu za kawaida au yakaachwa. Bartlett alihitimisha kwamba kukumbuka ni kujenga upya. Ukiwa na hakika kwamba katika juzuu ya kwanza shujaa aliomba msamaha, huenda ni wewe uliyemwombea, kwa sababu ndivyo shujaa wa aina yake anavyopaswa kufanya.

Sasa tuje kwenye kurudi kwa kumbukumbu, jambo linalonifurahisha kuliko yote. Mwaka 1966 Endel Tulving na Zena Pearlstone waliwapa wanafunzi orodha za maneno yaliyopangwa kwa makundi. Wakati wa kupima, baadhi yao walipewa karatasi tupu, wengine wakapewa majina ya makundi. Waliopewa majina ya makundi walikumbuka mengi zaidi. Kisha wale wa karatasi tupu nao wakapewa majina hayo, na maneno waliyoonekana kuyasahau yakaanza kutoka. Maana yake ni kwamba kuwepo kwa kitu akilini ni jambo moja, na kukifikia ni jambo la pili. Njia imeota nyasi, haijafungwa.

Ukijiuliza tu, "Juzuu ya pili ilihusu nini?", umejipa karatasi tupu. Ukiisoma sura ya kwanza ya juzuu ya tatu, kila jina la mtu, kila jina la mji, kila kovu linalotajwa kwa kupita ni dokezo, na madokezo yanaitana. Ndiyo maana hutokea ukurasa ambapo mambo hayaji moja moja tena bali kwa makundi. Waandishi stadi wa mifululizo wanalijua hili. Hawaanzi na ukurasa mzima wa "hapo awali". Wanapachika kumbusho ndani ya ugomvi, ndani ya barua, au katika kisengerenyuma kifupi, ili aliyesahau akumbuke na asiyesahau asichoke. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, na ikifanywa vizuri huioni kabisa.

Charles Dickens alilazimika kuimudu kazi hiyo mapema. Riwaya yake ya The Pickwick Papers ilitoka kwa sehemu za kila mwezi kuanzia 1836 hadi 1837, na kati ya sehemu na sehemu msomaji alikuwa na wiki kadhaa za kusahau. Ukisoma leo utaona wahusika wake wamepewa kila mmoja namna yake ya kusema, tabia anayoirudia, umbo lisilosahaulika. Wapo wanaoona kwamba hizo ni chumvi. Mimi naona ni ukarimu kwa msomaji ambaye hajamwona mtu huyo tangu mwezi uliopita. Émile Zola, aliyeandika riwaya 20 za ukoo mmoja kati ya 1871 na 1893, alifika hatua ya kuwachapishia wasomaji mti wa ukoo huo. Na waandishi wenyewe husahau. Katika riwaya ya kwanza ya Sherlock Holmes, ya 1887, Daktari Watson ana jeraha la risasi begani. Katika ya pili, ya 1890, jeraha liko mguuni.

Si mifululizo yote inayodai kumbukumbu kwa kiasi hicho. Visa vya Bwana Msa vya Muhammed Said Abdulla, vilivyoanza na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, au vile vya Willy Gamba vya Elvis Musiba, vinamrudisha shujaa yuleyule kwenye fumbo jipya. Unaweza kuvichukua popote. Anayeumia ni msomaji wa hadithi moja ndefu iliyokatwa juzuu nne, tano, au kumi.

Je, dawa ni kuzisoma zote mfululizo, kama nilivyofanya mimi? Kwa sehemu tu. Mwaka 2017 watafiti wa Melbourne, Australia, waligawa watazamaji wa tamthilia ya televisheni katika makundi matatu. Kundi moja lilitazama vipindi vyote kwa mkupuo, jingine kipindi kimoja kila siku, jingine kimoja kila wiki. Siku moja baada ya kumaliza, wa mkupuo ndio waliokumbuka zaidi. Miezi ilivyosonga, hao hao ndio walioporomoka kwa kasi, na wa kila wiki walishuka taratibu. Tamthilia si kitabu, lakini muundo ni uleule wa hadithi iliyokatwa vipande, na matokeo yanaafikiana na jambo lililothibitishwa mara nyingi katika masomo ya kumbukumbu, kwamba kujifunza kwa kuachanisha vipindi hudumu kuliko kujifunza kwa kujaza.

Kusoma kwa mkupuo kuna faida zake nami nazitetea. Unaona mkono wa mwandishi unavyokua, unakamata dokezo lililopandwa juzuu ya kwanza likivunwa ya tatu, jambo ambalo msomaji aliyesubiri miaka angelikosa. Kinachoharibu zaidi ni kuchanganya. Ukisoma mifululizo miwili inayofanana ndani ya mwezi mmoja, yote ya upelelezi au yote ya falme zinazopigana, kumbukumbu zake zinaingiliana, na mwishoni unampachika mfalme wa huku usaliti wa kule. Katikati ya mfululizo mmoja na mwingine ni heri kuweka kitu cha aina tofauti kabisa. Na usingizi unasaidia. Tangu jaribio la Jenkins na Dallenbach la mwaka 1924 inajulikana kwamba mtu akilala baada ya kujifunza husahau kidogo kuliko akikaa macho kwa muda uleule.

Lipo pia zoezi dogo ninalolipendekeza kwa moyo wote, nalo ni kuandika unachokumbuka kabla ya kusoma muhtasari wa mtu mwingine. Watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojaribu kukumbuka kifungu baada ya kukisoma walikihifadhi vizuri zaidi wiki moja baadaye kuliko waliokisoma tena na tena, ingawa dakika tano baada ya kusoma waliorudia kusoma ndio walioongoza. Kwa msomaji wa mfululizo, nusu ukurasa unatosha: nani yu hai, nani anajua siri gani, swali lipi limeachwa wazi. Uandike siku unapomaliza juzuu, ukunje, uuache ndani ya kitabu.

Kama hukuandika, na juzuu ya nne iko mkononi, huna haja ya kurudi mwanzo isipokuwa unautaka mwanzo kwa raha yake. Isome sura ya mwisho ya juzuu iliyotangulia, kwa utulivu, ukisimama kwenye kila jina. Kwa kawaida ndipo mwandishi anapowakusanya watu wengi pamoja na kuwafanya wadaiane mambo ya zamani, kwa hiyo ndipo penye madokezo mengi kwa kurasa chache. Majina mawili matatu yakikataa kufunguka, yaache na uendelee kusoma. Sura ya pili au ya tatu ya juzuu mpya mara nyingi huyafungua.