Nakshi za nyuzi kwenye rodi ya kuvulia

Nakshi za nyuzi ni yale mapambo ya rangi yanayoizunguka rodi ya kuvulia, hasa pale juu kidogo ya mpini: maumbo ya almasi, mishale, mistari ya zari, wakati mwingine hata sura ya samaki. Ukiitazama kwa mbali utadhani imepakwa rangi au imebandikwa stika. Sivyo. Ni uzi mwembamba uliozongwa kwa mkono, mzunguko baada ya mzunguko, kisha ukafunikwa na epoksi, gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu, hadi ukang'aa.

Wengi wetu visiwani tumekulia kwenye mshipi wa mkono, ndoano na chubwi, na changu amekuwa akitoka majini bila rodi. Rodi tunaziona zaidi kwenye boti zinazotoka Nungwi kuingia Mkondo wa Pemba kufuata nduaro, sulisuli na jodari. Nyingi ni za kiwandani. Chache ni za kuagiza: fundi hununua ufito mtupu, pete, mpini na kikalio cha rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi), akaviunga kwa kipimo cha mwenye rodi na samaki anayemtaka. Nakshi utazikuta zaidi kwenye hizi za kuagiza, maana kiwanda hakina nafasi ya kukaa na rodi moja siku mbili tatu kwa ajili ya urembo.

Uzi wenyewe haukuanza kwa urembo. Pete zinazopitisha mshipi hazichomelewi wala hazipigiliwi. Ukitoboa ufito umeshauua. Kila pete ina mguu mmoja au miwili, bapa, unaolazwa juu ya ufito na kufungwa kwa uzi. Uzi na epoksi ndivyo vinavyoishikilia pete samaki anapopiga mbio. Zamani uzi ulikuwa na kazi kubwa zaidi. Katika karne ya 19, Uingereza na Marekani, rodi nzuri zilitengenezwa kwa mianzi iliyopasuliwa, aghalabu vipande sita vilivyogundishwa pamoja. Gundi ya siku hizo ilitoka kwa wanyama na haikuyapenda maji, kwa hiyo mafundi walizonga hariri kila baada ya masafa mafupi, vipande visije vikaachana. Zikaja gundi bora, kisha fito za nyuzi za kioo miaka ya 1940, na za kaboni miaka ya 1970. Ufito haukuhitaji tena kushikiliwa kila mahali. Uzi wa lazima ukabaki kwenye pete na kwenye maungio, na juu ya mpini pakawa uwanja wa fundi kuonyesha mkono wake.

Kwanza mguu wa pete hupigwa tupa kwenye ncha, uzi upate kuupanda bila kuacha pengo. Uzi huanzia kwenye ufito na kujibana wenyewe kwa kupita juu ya ncha yake. Kinachozungushwa ni rodi. Uzi unasubiri, umekazwa kwa kiasi. Ikibaki mizunguko michache, fundi hulaza kitanzi cha uzi mwingine, huendelea kuzonga juu yake, halafu hupitisha ncha kwenye kitanzi na kukivuta, ncha ikazama chini ya mizunguko. Hapafungwi fundo hata moja, kwa sababu fundo lingetokeza nundu chini ya epoksi. Mwisho hupitisha kitu laini juu ya uzi, mgongo wa kijiko unatosha, kuziba nafasi zinazoonyesha ufito.

Nakshi ya mpini ina hesabu nyingine. Fundi huweka alama upande wa juu wa rodi na upande wa chini, kwa masafa sawa, akapeleka uzi kwa mshazari hadi mwisho, kisha akaurudisha kwa mshazari wa upande mwingine. Nyuzi zinapokutana juu ya alama, pale ndipo kitovu cha umbo. Akiongeza nyuzi pande zote mbili za ule wa kwanza anapata almasi. Akiongeza upande mmoja tu anapata mishale. Anayejua kusuka ukili ataitambua kazi hii mara moja, ila kuna tofauti: ukili hupita juu na chini, huku uzi hulala tu juu ya mwenzake, kwa hiyo sura hutokana na mpangilio wa kulaza rangi. Alama ya kwanza ikipotea nusu milimita, ya kumi utaiona kwa macho.

Uzi unaotumika sana ni wa nailoni. Hupimwa kwa herufi: A ni mwembamba, wa rodi nyepesi, D ni mnene, wa rodi za samaki wazito. Uzi wa cherehani wa dukani Darajani utafunga pete, lakini mwingi una manyoya, na manyoya hayo husimama ndani ya epoksi. Nailoni ya kawaida nayo ina vituko vyake: ikinywa epoksi rangi hukolea na kuwa kama imelowa, njano ikageuka kahawia. Ndiyo maana fundi hupaka kwanza dawa ya kuhifadhi rangi, au hununua uzi uliokwishatiwa dawa.

Epoksi huchanganywa kwa vipimo sawa vya chupa mbili, ikapakwa kwa brashi, na rodi ikaachwa ikizunguka polepole kwenye mota kwa saa kadhaa. Ikisimama mapema, epoksi hushuka na kuganda upande mmoja. Hapa kwetu adui ni unyevu: epoksi iliyopakwa siku ya masika inaweza kutoka na ukungu juu yake. Jua nalo, baada ya muda, huifanya njano.

Sipendi nakshi inayopanda hadi katikati ya rodi. Uzi na epoksi vina uzito, na pale rodi inapotakiwa kupinda vinaifanya ngumu na nzito. Karibu na mpini haipindi sana, parembwe patakavyo. Kwenye rodi nene za kuburuta chambo utaona pia uzi wa chini, uliozongwa kabla pete haijawekwa, ili chuma kisikwaruze ufito; huo si urembo mtupu.

Ukinunua rodi iliyotumika, acha almasi kwanza. Angalia pale mguu wa pete unapoisha. Epoksi ikiwa na ufa hapo, maji ya chumvi yameshaingia na kutu iko njiani. Pete moja inaweza kufunguliwa na kuzongwa upya bila kuigusa nakshi ya mpini. Ipashe moto kidogo epoksi ilainike, kisha kata uzi kwa wembe juu ya mguu wa pete, chuma kikiwa chini ya wembe. Usikate ubavuni mwa ufito: kaboni ikipata mkwaruzo, hapo ndipo rodi itakapovunjikia.