Klabu za kifahari Nairobi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ijumaa usiku Westlands hujaa watu waliopendeza, na ni haki yao kustarehe baada ya wiki ya kazi. Ila kuna mambo tunaambiana mezani ambayo yanawaumiza watu, na mengine yanaua.

Dhana: Klabu ya bei ghali hakuna mchele.

Hii ndiyo inayowaponza wengi. Eti kuwekewa mchele, yaani kutiliwa dawa ya kulevya kwenye kinywaji ili uibiwe, ni mambo ya baa za River Road, kwa hiyo ukishapita kwa baunsa uko salama. Ukweli ni kwamba mwizi hufuata pesa. Anayeagiza chupa ya whisky kwenye meza ya VIP ana simu yenye M-Pesa na programu za benki, na namba ya siri anaibonyeza watu wakiwa wamemzunguka. Baunsa anakagua silaha. Kidonge kilichosagwa kikatiwa kwenye karatasi hawezi kukiona.

Usitegemee ladha ikuonye. Dawa zinazotumika sana ni za usingizi, na ndani ya kinywaji kitamu chenye barafu ulimi unaweza usizitambue kabisa. Pombe na dawa hizo zote hupunguza nguvu ya kupumua, na zikikutana mtu anaweza asiamke. Kwa hiyo mwenzako akilegea ghafla baada ya glasi moja au mbili, msiseme "amelewa, mwacheni alale". Mlazeni ubavu, mmoja wenu akae naye, apelekwe hospitali usiku uleule. Mwambieni daktari mnachoshuku, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hupotea kwenye mkojo kabla siku haijaisha.

Na glasi uliyoiacha ulipoenda kucheza au msalani, imwage. Najua ilikuwa ghali.

Dhana: Wanaowekewa ni wanaume tu.

Hapana. Wanawake huwekewa pia, na mara nyingi lengo si simu bali ubakaji. Aliyefanyiwa hivyo hana kosa lolote, hata kama alikwenda kwa hiari yake na kunywa kwa hiari yake.

Dhana: Kahawa, supu au kinywaji cha kuongeza nguvu hukata pombe.

Kinachoondoa pombe mwilini ni ini, na ini halina haraka. Bia moja ya mililita 500 huhitaji takriban saa mbili. Aliyekunywa nne na kumaliza saa nane usiku, saa kumi na mbili asubuhi huenda pombe bado imo damuni. Supu ya mbuzi ya alfajiri ni tamu, nami naipenda, lakini kazi yake inaishia tumboni. Kafeini ni hatari zaidi: inakufumbua macho huku mikono na akili vikiwa vimelewa vilevile, ukajiona uko sawa, ukachukua ufunguo wa gari. Agiza teksi.

Dhana: Chupa ya bei kubwa haiwezi kuwa feki.

Wanaoghushi pombe huzipenda chupa za majina makubwa, maana ndizo zenye faida. Chupa tupu hukusanywa na kujazwa upya. Dai chupa ifunguliwe mbele yako. Stempu ya ushuru ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) iliyobandikwa juu yake unaweza kuikagua kwa simu, kwa programu yao ya Soma Label. Mhudumu mwaminifu hatakasirika.

Dhana: Masikio yakivuma, kesho yanapona.

Mvumo unaweza kuisha na madhara yakabaki, yakazidi kila wikendi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza muziki kwenye kumbi usizidi wastani wa desibeli 100. Kama inabidi umpigie kelele aliye kando yako ndipo asikie, toka nje kila baada ya muda upumzike, na usikae karibu na spika. Viziba masikio vya povu ni bei ndogo na vinaingia kwenye pochi yoyote.