Friji Mbovu Imeshafika Lamu: Nani Alipe Nauli ya Kuirudisha?

Kauli ni ile ile, uisikie Langoni, Mkomani au Shela: "Duka limesema nikitaka kubadilishiwa nilipe mwenyewe nauli ya kurudisha Nairobi. Nitafanyaje, si ndiyo sheria?" Hakuna sheria ya namna hiyo. Hayo ni mazoea ya wauzaji, nayo yamerudiwa mpaka wanunuzi wenyewe wakayashika kama amri. Na kwa mtu wa kisiwani mazoea hayo ni mazito kuliko kwa mtu wa bara. Friji ya milango miwili hushushwa ghorofani kwa mabega ya mahamali, ikapita vichochoroni kwa mkokoteni, ikaingizwa botini hadi Mokowe ng'ambo ya bara, kisha ikapakiwa lorini kupitia Witu na Garsen. Kila mkono unaoigusa unalipwa. Ndiyo sababu nyumba nyingi zina friji au televisheni mbovu iliyofunikwa shuka pembeni, na pesa ya mtu imekwenda. Hizi hapa kauli za namna hiyo, na kosa la kila moja.

"Kitu kikiwa kibovu, mnunuzi ndiye anayelipa kukirudisha"

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, inalisema jambo hili wazi. Mnunuzi aliyeletewa bidhaa, akawa na haki ya kuikataa, halazimiki kuirudisha kwa muuzaji. Inatosha amjulishe kwamba ameikataa. Kuna kipengele kimoja cha kuangalia: isipokuwa mkiwa mmekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo masharti ya kurudisha bidhaa husomwa kabla ya kulipa, na husomwa kwa makini, maana maduka mengi huchanganya mambo mawili yasiyofanana. Kubadili nia ni jambo moja: rangi hukuipenda, au friji haipiti mlangoni. Hapo nauli ni yako, huna wa kumlaumu. Kasoro ni jambo jingine kabisa. Ukisoma "mteja atagharamia usafiri wa kurudisha", tazama sentensi hiyo iko chini ya kichwa gani. Mara nyingi inahusu kubadili nia tu, na anayekujibu kwenye simu anaibandika kwenye kila kesi.

Haki ya kukataa inatoka wapi? Kifungu cha 16 cha sheria hiyo hiyo kinamtaka muuzaji anayefanya biashara ya bidhaa za aina fulani auze kitu chenye ubora unaofaa kuuzwa. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 ikaongeza kwamba sharti lolote linalojaribu kuiondoa dhamana hiyo ni batili. Kwa hiyo yale maandishi "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" chini ya risiti hayakufungi ikiwa kitu kimekuja kibovu. Angalia tu kwamba umenunua kwa mfanyabiashara. Jirani anayeuza televisheni yake iliyotumika kwenye mtandao wa kijamii habanwi na kifungu hicho kwa namna ile ile.

Kinachowapotezea watu haki hii ni kunyamaza. Sheria inakuhesabu kuwa umeikubali bidhaa ukisema hivyo, ukiifanyia jambo ambalo mwenye mali peke yake ndiye angelifanya, au ukikaa nayo kwa muda wa kutosha bila kusema umeikataa. Kumpa fundi wa mtaani aifungue kabla ya kumwandikia muuzaji ni kumpa muuzaji huyo hoja ya bure. Kuendelea kuitumia "huku nikisubiri wanijibu" ni vile vile. Sheria haikutaja idadi ya siku. Maduka mengi hujiwekea 7 au 14. Usizihesabu. Andika siku ile ile unapoiona kasoro, na ukichelewa sana iwe kesho yake. Ukishahesabiwa umeikubali, bado unaweza kudai fidia, lakini ile nguvu ya kusema "njoo uchukue mzigo wako" imekutoka.

Na uandike, usipige simu. Simu haiachi kitu mkononi. Tuma barua pepe, na maneno yale yale uyaweke kwenye mazungumzo ya programu ya duka. Maneno yenyewe ni mafupi:

"Friji niliyoipokea tarehe fulani, oda nambari fulani, nambari ya mfululizo (serial number) fulani, ina kasoro: kompresa (mota ya friji) inawaka sekunde chache na kuzima, haigandishi. Naikataa bidhaa hii kwa sababu ya kasoro hiyo. Iko kwangu, haitumiki, tayari kuchukuliwa. Pangeni usafiri wa kuichukua kwa gharama yenu na mnijulishe kwa maandishi lini mtanirudishia pesa au kunibadilishia."

Neno "naikataa" lazima liwemo. Watu wa pwani tuna adabu, tunaandika "samahani ndugu, naomba unisaidie, friji inasumbua kidogo". Ujumbe huo ni ombi la msaada, na muuzaji ana haki ya kuusoma hivyo. Salimu vizuri, mwite bwana au dada, kisha sema umeikataa.

Wakikujibu "lipa wewe kwanza, tutakurudishia", usikubali mpaka kiasi kiandikwe, na kiandikwe kwa vipande: mahamali, mkokoteni, boti, gari. Ukiacha neno "nauli" lielee hivyo hivyo, watalipa kipande chenye risiti ya kampuni ya mabasi na kuiacha bahari. Nahodha na hamali hawatoi risiti, basi walipe kwa M-Pesa kila mmoja peke yake ili ujumbe ubaki, au wape daftari waandike kiasi, tarehe na jina, na kutia sahihi. Piga picha ukurasa huo siku hiyo hiyo.

Kuna njia ya tatu, na kwa vitu vizito mimi huipendelea kuliko zote: muuzaji alipe fundi aliye Lamu, au atume kipuri. Baadhi ya kasoro za friji mpya ni relei ya kuwashia kompresa, thamostati ya kupimia baridi au waya uliolegea, na kipuri hicho husafiri kwenye bahasha. Mweleze hivyo. Akijua kwamba nauli ya kwenda na kurudi ni mzigo wake yeye, husikiliza haraka. Ila idhini ya kufungua iwe kwa maandishi kabla skrubu ya kwanza haijaguswa.

Akikaidi, malalamiko ya watumiaji hupokelewa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, hata bila wakili.

"Ikivunjika njiani, duka litajua lenyewe"

Hapa ndipo mnunuzi anapoweza kushindwa kwa haki. Kwa kawaida, muuzaji akikabidhi mzigo kwa msafirishaji wa kukuletea, sheria humhesabu kuwa amekukabidhi wewe. Akikuandikia "tutakuwekea kwenye basi la usiku", kioo kikivunjika baada ya hapo una kazi kubwa. Akiandika "tutakufikishia Lamu mjini, mlangoni", njia ni yake. Tofauti iko kwenye maneno machache ya kabla ya kulipa, na unaweza kuyadai. Usikubali pia "Mokowe" ukadhani ni Lamu. Kutoka gati la Mokowe mpaka sebuleni kwako bado kioo kinaweza kuvunjika.

Kwa televisheni jifunze kuutofautisha ufa na kasoro. Zima skrini, washa tochi ya simu na uimulike kwa upande. Ufa wa kugongwa una kitovu, na mistari inatawanyika kutoka hapo kama utando wa buibui. Mistari iliyonyooka ya wima kutoka juu hadi chini, bila ufa wowote kwenye kioo, kwa kawaida ni hitilafu ya paneli au ya ubao wa ndani. Piga picha kwa tochi hiyo hiyo, kwa sababu jibu la kwanza la duka litakuwa kwamba umeigonga.

"Nimeshatia sahihi, basi imekwisha"

Sahihi inathibitisha boksi limefika. Mtu hahesabiwi kuwa amekubali bidhaa ambayo hakuwahi kuikagua mpaka apate nafasi ya kuikagua. Andika kando ya sahihi "halijafunguliwa", kisha lifungue siku hiyo huku mtu akirekodi video, akianza na lebo na pande zote sita za boksi.

"Nauli ni kilo tu"

Kampuni za vifurushi hupima mzani na hupima ukubwa, kisha hutoza kilicho kikubwa. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5000. Boksi la televisheni ya inchi 55 lenye sentimita 140 kwa 85 kwa 16 linatoka kilo 38, ingawa kwenye mzani halifiki hata 25. Baadhi hugawanya kwa 4000 au 6000, kwa hiyo uliza. Hesabu hii iweke kwenye ujumbe wako kwa muuzaji.

"Friji ikifika iwashwe papo hapo tuone kama ni nzima"

Friji iliyolazwa botini au lorini, mafuta ya kompresa hutiririka yakaingia kwenye mabomba. Ukiiwasha hapo hapo, kompresa inazunguka kavu, na kasoro unayoileta ni yako. Iliyokuja wima isubiri kwa muda wa saa 4. Iliyolazwa, iache wima kwa muda wa saa 24. Baada ya hapo pima umeme kwenye soketi yenyewe, bila waya wa kurefusha: wetu ni volti 240. Ukisoma chini ya 200 jioni watu wanapowasha pasi na majiko, kompresa inayowaka na kuzima inalia njaa ya umeme, na ukiirudisha itapatikana nzima na nauli itakuwa juu yako. Ijaribu tena alfajiri kabla ya kuandika neno lolote.

"Nililipa kwa M-Pesa, nitarudisha kwa 456"

Huduma hiyo ni ya pesa iliyokwenda nambari isiyo sahihi. Haiamui ugomvi wa friji mbovu. Aliyelipa kwa kadi ya benki ana njia bora: benki hupokea malalamiko ya bidhaa yenye kasoro, kwa kawaida ndani ya siku 120, na itataka kuona kwamba uliirudisha au ulijaribu kuirudisha. Ule ujumbe wa kukataa ndio ushahidi huo.

"Betri ya sola nitaituma kwa ndege kutoka uwanja wa Manda"

Betri ya lithiamu iliyovimba, inayopata moto au yenye hitilafu ya usalama haipandi ndege, kwa kanuni za usafiri wa anga duniani. Usiifiche ndani ya boksi la kitu kingine. Mwandikie muuzaji kwamba inatakiwa njia isiyo ya ndege, naye apange.

"Maboksi na boliti ni takataka"

Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele huja na boliti 3 au 4 mgongoni zinazolishika pipa lisirukeruke safarini. Hutolewa kwa spana kabla ya kuwasha. Ukizisahau mashine itatikisika mpaka itembee, na watu huirudisha wakidhani ni mbovu. Ukizitupa, mashine ikasafiri bila boliti hizo, pipa hupigapiga hadi Garsen na kuvunja springi na vizuia mtikisiko, na fundi wa duka ataandika uharibifu huo kwa jina lako. Zitie kwenye mfuko pamoja na vipande vyake vya plastiki, uufunge kwa selotepu mgongoni mwa mashine, na boksi ulikunje ulihifadhi darini mpaka siku za kurudisha zipite.