START=INITIAL si dawa jamani

Kila stima ikipotea hapa Malindi lazima atokee mtu aniulize mbona meinfremu ya benki, ile kompyuta yake kubwa, haizimwi tu ikawashwa kama ruta ya waifai, na safari hii kaniuliza mtu wa IT kabisa, sasa hapo ndo nimechoka. Haya, naandika.

Kuwasha z/OS, mfumo endeshi wa meinfremu, si tabu. Unafanya IPL (kuupakia mfumo), JES2 (msimamizi wa foleni za kazi) inaamka, halafu DB2 (hifadhidata), MQ (foleni ya ujumbe) na CICS (inayoendesha tranzaksheni). Skrini zikirudi watu wanashangilia, mie hapo ndo naanza kuwa na wasiwasi, kwa sababu kazi yenyewe ni zile tranzaksheni zilizokatika katikati.

Chukua mteja anatuma shilingi 20,000 benki nyingine. Salio linapunguzwa DB2, ujumbe unawekwa MQ, na CICS ndo yenye kauli ya mwisho. Inawauliza wote wawili, mko tayari? Wakishasema tayari hawana ruhusa tena ya kujiamulia, wanangoja. Stima ikatike hapo hapo! DB2 ikiamka inasoma logi, inakuta tranzaksheni hii haijulikani imepita au haijapita, inashikilia kufuli kwenye rekodi yake na kuiuliza CICS, tuliamua nini? Kama umeiwasha kwa START=AUTO, yaani ijiamulie yenyewe namna ya kuanza, CICS inaona kwamba haikuzimwa vizuri, inasoma logi yake yenyewe na jibu inalo.

Sasa aje mwenye haraka aweke START=INITIAL ati isafishe. Itasafisha kweli, kumbukumbu zote nje, DB2 inauliza na hakuna wa kuijibu. Na msiniambie START=COLD ni kitu kile kile! COLD inabakisha habari za mifumo ya mbali, ila kazi za humu ndani zilizokatika hairudishi nyuma, faili linabaki nusu nusu. Baada ya INITIAL anakaa DBA, msimamizi wa hifadhidata, na RECOVER INDOUBT, amri ya DB2 ya kuamua zilizokwama, hii COMMIT (ikamilishe), ile ABORT (irudishe nyuma), kwa mkono, na akikosea pesa imetoka DB2 na ujumbe haukwenda, wala hakuna erra yoyote kwenye skrini, mpaka mteja mwenyewe aje kulalamika.

Wale wa "tuna kopi saiti ya pili", kopi inanakili na uharibifu pia, papo hapo. Wekeni na kopi za saa za nyuma.

Kinachoninyima raha ni majaribio ya DR, yale ya kujiandaa na janga. Mara nyingi mashine inazimwa vizuri kwanza ndo watu wahamie saiti ya pili, basi hakuna kilichokatika, kila kitu kinaamka, ripoti inasainiwa. Mie ripoti hizo siziamini. Kukata ghafla kwenye mzigo wa mwisho wa mwezi nani atakubali? Hapo sina jibu la kuridhisha. Ila kabla hamjagusa START, pigeni kwanza DISPLAY THREAD(*) TYPE(INDOUBT) kwenye DB2 muone zilizokwama, na amri hizo ziwe kwenye karatasi, si ndani ya mashine hiyo hiyo iliyolala.