Kwa nini kushuka Kilimanjaro kunauma kuliko kupanda, na misuli huzifanyaje protini zilizoharibika?

Kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, hadi lango la Mweka ni mteremko wa zaidi ya mita 4,000, na wengi huumaliza kwa siku mbili tu. Kesho yake pale Moshi utamwona mtu anashuka ngazi kinyumenyume, mkono ukutani, mapaja hayataki kukunja. Ukiuliza sababu utaambiwa asidi ya laktiki imejaa kwenye misuli.

Maelezo hayo yameenea sana, na si sahihi. Laktati, yaani asidi hiyo jinsi inavyokuwa mwilini, huongezeka pale mtu anapojitutumua na kuhema, yaani wakati wa kupanda. Ikishazalishwa, hupungua damuni ndani ya saa moja au mbili, lakini maumivu haya huja baadaye na kufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Wala si taka: moyo na misuli huitumia kama chakula cha nishati. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani walilipima jambo lenyewe. Kukimbia tambarare kuliongeza laktati bila kuleta maumivu ya baadaye. Kukimbia mteremkoni hakukuiongeza, na maumivu yakaja.

Kinachotofautisha mteremko ni mvuto, yaani jinsi msuli unavyovutwa. Kila hatua ya kushuka, msuli wa mbele ya paja hujikaza huku ukilazimishwa kurefuka, ili goti lisiporomoke. Ndani ya seli, mvuto huo huangukia protini kama filamini, ambayo kazi yake ni kufunga pamoja nyuzi za aktini zinazoushikilia msuli.

Fikiria jukwaa la mafundi ujenzi, mirunda iliyofungwa kwa kamba. Filamini ndiyo kamba. Kamba ikianza kuchakaa haiwezi kusubiri jengo liishe, wala huwezi kuikata tu, maana mafundi bado wako juu wanapiga lipu. Inabidi iliyochakaa itolewe na mpya ifungwe kazi ikiendelea. Msuli una tatizo hilohilo saa zote, na moyo zaidi, kwa kuwa haupumziki kabisa.

Mwaka 2010 kundi la Jörg Höhfeld wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, lilieleza jinsi seli inavyolitatua. Filamini ikivutwa kupita kiasi, sehemu zake zilizokunjwa hufunguka. Protini iitwayo BAG3 hufika ikiwa na wenzake, HSC70 na HSPB8, ambao hutambua protini iliyopoteza umbo. Mwenzao mwingine, CHIP, huibandika filamini alama ya ubikwitini. Alama hiyo huita utando unaoifunika filamini pande zote na kuipeleka kwenye lisosomu, kijifuko cha kumeng'enyea taka ndani ya seli, ambako humeng'enywa na vipande vyake kutumika tena. Huo ni utaratibu wa autofaji, ambao Yoshinori Ohsumi wa Japani alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kuuchunguza kwenye hamira.

Linalonivutia kuliko yote lilitangazwa mwaka 2013. BAG3 hiyohiyo inayosimamia uondoaji hushika pia protini zinazoizuia protini nyingine, YAP, isifanye kazi. YAP ikiachiwa huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni ya filamini. Kwa hiyo anayeondoa kamba mbovu ndiye anayeagiza mpya, na oda hutoka pale tu mvuto unapozidi.

Tahadhari moja: sehemu kubwa ya maelezo haya imetokana na seli za maabara na wanyama, na ukali wa maumivu si kipimo cha uharibifu, kwani maumivu yenyewe yanahusisha uvimbe na mishipa ya fahamu. Ila umuhimu wa BAG3 kwa binadamu hauna shaka. Watoto wanaozaliwa na badiliko fulani kwenye jeni yake hupata ugonjwa mkali unaodhoofisha misuli na moyo.

Kwa watu wazima wenye afya, vipimo vya vipande vya misuli vilivyochapishwa mwaka 2015 vilionyesha kwamba mazoezi mazito huamsha utaratibu huu, na baada ya wiki nne za mazoezi misuli huwa na akiba kubwa zaidi ya protini zinazouendesha. Kwa wagumu, yaani wapagazi, wanaoshuka Mweka na mizigo mabegani msimu baada ya msimu, hiyo huenda ikawa sehemu ya sababu ngazi haziwasumbui kesho yake.