“Niko Nyumbani, Nimekaa Tu”: Dhana Potofu za Wenye Vyuma vya Kurefusha Mguu

Wiki iliyopita nimeisikia tena, safari hii kwa mama mmoja wa mtaa wa Forest aliyefungwa vyuma vya kurefusha mguu, anayefanya hesabu za maduka kwa kompyuta. Baada ya shikamoo nilimuuliza mazoezi yanaendaje. “Daktari, siku hizi siendi ofisini,” akanijibu. “Kazi nafanyia nyumbani, nimekaa tu, mguu umepumzika vizuri.” Nikaushika mguu. Goti lilikuwa limebakiza nyuzi 20 kunyooka, vidole vinatazama chini. Wiki tatu kabla ya hapo goti lile lilikuwa linanyooka lote.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Mbeya, na katika yote ninayoambiwa na wagonjwa hakuna linaloniuma kama hili. Watu wanasafisha kwa uaminifu matundu ambamo pini za vyuma zinaingia mguuni, wanazungusha nati zinazouvuta mfupa kwa saa zilezile usiku na mchana, halafu goti wanalipotezea kwenye kiti.

Hebu tuelewane. Mfupa wa muundi, ule wa chini ya goti, ukikatwa na kuvutwa taratibu, mfupa mpya unaota kwenye ule mwanya. Msuli haujazi pengo kwa urahisi namna hiyo. Msuli wa shavu la mguu umeanzia juu ya goti, upande wa paja, ukateremka kwa kano nene hadi kisiginoni. Muundi ukiongezeka sentimita 4, msuli huo nao unalazimishwa kufunika sentimita 4 zaidi, na unakataa. Unajitafutia nafuu kwa njia mbili: unakunja goti na unapandisha kisigino. Sasa mtazame mtu aliyekaa mezani na kompyuta yake. Goti limekunjwa nyuzi 90, unyayo unaning'inia, vidole chini. Huo ndio mkao wenyewe ambao msuli umekuwa ukiutamani, na wewe unaupa saa nane kila siku! Aliyerudi kwenye kazi ya kutembeatembea walau ananyooka akisimama. Anayefanyia kazi nyumbani asipojilazimisha, hakuna kitakachomnyanyua.

Wengine wanaongeza mto chini ya goti, wananiambia wanasikia raha. Raha hiyo ni msuli kulegea kwa sababu umeruhusiwa kubaki mfupi. Kama muundi ndio unaorefushwa, mto uweke chini ya kisigino, goti libaki hewani lijinyooshe kwa uzito wake.

Ninachowaagiza wagonjwa wangu ni hiki. Tega kengele ya simu kila baada ya dakika 30. Ikilia, acha kazi hata kama uko katikati ya mstari. Simama na magongo yako, nenda mlangoni urudi. Ukikaa tena, weka kisigino kwenye stuli yenye kimo sawa na kiti, goti likandamize lielekee chini, hesabu hadi 10, rudia mara 10. Kisha pitisha kanga kwenye unyayo uivute kuja kwako, hesabu hadi 30, mara tano. Goti liwe limenyooka unapovuta. Ukivuta huku limekunjwa, msuli ule mrefu unakuponyoka na utadhani umefanya kazi. Mwenye mkutano wa video anasema hawezi kukatiza. Kamera inaonyesha uso. Kanga vuta chini ya meza. Umeme ukikatika, huo nao ni muda wa kanga.

Muda wa kuandika, mguu usiachwe uning'inie. Fundi viatu yeyote wa Mwanjelwa atakushonea vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli mbele ya ndala, ncha zake zikafungwa kwenye pete ya vyuma, na ndala ikashikilia unyayo usianguke. Mara ya kwanza njoo tukufungie sisi ili usizidishe mkazo. Usiku ulale nayo.

Aliyerefushwa paja asininukuu vibaya. Kwake goti linapoteza pia uwezo wa kukunjika, na anayeshinda kitandani mguu umenyooka, kompyuta tumboni, ndiye anayekuja kwangu goti likiwa gumu kama gogo. Huyo lazima alikunje na alinyooshe, yote mawili.

Kuna vijana wanaotaka kuongeza mizunguko ili wamalize mapema warudi ofisini. Msifanye hivyo. Kasi ya milimita 1 kwa siku, ikigawanywa mara nne za robo milimita, inatokana na kazi ya miaka mingi ya daktari Ilizarov kule Kurgan, Siberia. Ukivuta upesi zaidi, mfupa mpya unashindwa kuota na mishipa ya fahamu inaumia. Ukivuta polepole mno, mfupa unaziba mwanya kabla ya wakati. Ganzi mpya au vidole kushindwa kuinuka ni sababu ya kumpigia daktari siku hiyohiyo.

Na siku ya kumaliza kuzungusha siyo siku ya kupona. Mfupa ule bado ni laini, na kukomaa kunachukua muda mrefu kuliko kuvuta, mara nyingi maradufu. Kwa sentimita 4, kuvuta ni siku 40 hivi, lakini vyuma hesabu miezi minne hadi sita. Mwambie mwajiri wako hesabu hii mapema. Wiki za kwanza, ukiwa bado unameza dawa kali za maumivu, usiahidi kazi ya kushughulikia malipo ya watu wala mikataba, maana kichwa hakijatulia.

Wengine wanasema: “Nisikanyage mpaka vyuma vitoke.” Vyuma vya pete, vile vinavyouzunguka mguu kwa nje, vilibuniwa ili mgonjwa aweze kukanyaga, na uzito ndio unaouamsha mfupa ukomae. Kiasi gani, aliyekupasua atakwambia. Wenye chuma cha ndani ya mfupa wana masharti yao.

Juni na Julai, wenzetu wa Uyole wananiambia baridi inaingia mifupani kupitia vyuma na kuleta usaha. Chuma kinapoa kweli, na mguu unauma. Shona mfuko wa kitenge uliotandikwa blanketi jepesi uvifunike. Usaha unaletwa na vijidudu, na hao wanaingia kwa anayeyafunika matundu ya pini kwa nguo wiki nzima bila kuyaosha. Jiko la mkaa msilikaribie: chuma kikishika moto kinaunguza nyama kwa ndani, na chumba kilichofungwa madirisha hujaa hewa inayoua. Nalisema kila mwaka na sitaacha kulisema.

Supu ya kongoro nayo kunywa, ni tamu, lakini haiungi mfupa peke yake. Maharage, maziwa, mayai na dagaa mnavyo sokoni hapa, viwe mezani kila siku. Anayekunywa supu huku anavuta sigara anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine, kwa sababu tumbaku inabana damu inayoulisha mfupa mpya.

Yule mama wa Forest tumepunguza mizunguko kwa ruhusa ya daktari wake, tumemfunga ndala, na goti sasa limebakiza nyuzi 10 tu kunyooka. Simu yake inalia kila nusu saa. Mwanawe wa darasa la tatu akitoka shule ndiye anayeshika ncha moja ya kanga na kumhesabia hadi 30, na mama anasema mtoto hakubali aruke hata namba moja.