Njiwa hatumwi, hurudi kwao

Katika taarabu na mashairi ya mapenzi njiwa hupewa salamu: ruka, mfikie muhibu, mwambie nimekonda kwa ajili yake. Ni picha nzuri na naipenda. Ila wengi wameichukua kama ilivyo, wakaamini kwamba njiwa ukimfunga kikaratasi na kumtajia mahali, atakwenda. Haendi. Safari anayoijua ni ya kurudi kwao. Huyo mpenzi, ili salamu zifike, ingebidi kwanza aazime njiwa wa nyumbani kwa muhibu, ambebe kwenye tenga hadi kwake, ndipo amwachie.

Nililijua hili nikiwa na miaka tisa. Nilinunua njiwa wawili sokoni, babu akaniambia niwafungie bandani mpaka watage na kuatamia. Siku ya nne nikawaonea huruma, nikafungua mlango. Dume akatua juu ya bati, akageuza shingo huku na huku, kisha akazunguka mara mbili juu ya mwembe, jike nyuma yake. Jioni niliwakuta kwa muuzaji wanadonoa mtama, kama hawajawahi kuuzwa.

Dhana nyingine ni ya barua mdomoni. Njiwa mwenye barua mdomoni angekunywaje maji njiani? Paris ilipozingirwa na majeshi ya Prussia, dola ya Wajerumani, mwaka 1870, barua za kutoka mjini zilipanda baluni, na njiwa wa Paris walipakiwa humo humo. Waliokuwa nje ndio waliowatumia kujibu. Barua zilipigwa picha na kupunguzwa hadi maelfu yakaenea kwenye vipande vya utando mwembamba, vikakunjwa ndani ya kijibomba kilichofungwa kwenye unyoya wa mkia. Tofauti ya kwenda na kurudi inaonekana hapo wazi.

Cher Ami, njiwa wa jeshi la Marekani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, naye husimuliwa kana kwamba alitafuta makao makuu ya jeshi. Tarehe 4 Oktoba 1918, wanajeshi wa Marekani waliozingirwa katika msitu wa Argonne huko Ufaransa, huku mizinga ya upande wao wenyewe ikiwaangukia, walimwachia na ujumbe. Alipigwa risasi, akafika bandani kwake na mguu ukining'inia. Kwa miaka mingi watu walibishana kama ni jike au dume; kipimo cha vinasaba kilichotangazwa mwaka 2021 kilionyesha kuwa ni dume.

Anaijuaje njia? Utasikia kwamba ana chuma mdomoni kinachofanya kazi kama dira. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kuwa seli zile zenye chuma ni za kinga ya mwili tu. Njiwa hutumia jua, harufu, sumaku ya dunia, na karibu na kwao hufuata hata barabara.

Kuna wanaosema njiwa na hua ni ndege wa koo mbili. Ni ukoo mmoja, wenye aina zaidi ya 300, na lugha yetu inawatambua vizuri: hua, tetere, pugi, na ninga, ambaye Pemba ina aina yake isiyopatikana kwingine duniani. Njiwa manga jina lake linasema ametoka ng'ambo, kama pilipili manga. Mababu zake waliishi kwenye majabali, ndiyo maana hupenda kingo za magorofa kuliko matawi.

Na yule njiwa mweupe wa amani? Kitabu cha Mwanzo hakitaji rangi yake, wala hakisemi neno amani. Tena aliyefuga anajua madume wawili wanavyopigana kwa mbawa wakigombea kiota. Njiwa wa Nuhu alitoka akarudi, kwa sababu hakupata pa kutua. Baada ya siku saba akarudi na jani bichi la mzeituni. Zikapita saba nyingine, akatumwa tena, na mara hiyo hakurudi.